Maziwa ya Pacha Yaliyoniaibisha Ukweni

Leo nimejiaibisha, na kwa vile sipendi kufanya kazi nusu nusu, nimejiaibishia ukweni.

Nawaandikia mapema kabla hamjasikia kutoka kwa watu wa Ikutha, maana hao hawatapunguza chochote. Nimechoka. Sina hata nguvu ya kuongeza chumvi. Nitasema ilivyokuwa, basi.

Kwa wale hawanijui vizuri: mimi ni afisa wa mifugo, kazi yangu iko huku Wote, na kwa sababu ambazo siku hizi sizikumbuki niliamua kurudi chuo kutafuta digrii ya pili. Nasomea maziwa ya ng'ombe. Si wingi wa maziwa. Ni ile protini iliyo ndani, na kwa nini ng'ombe mmoja anaitoa vizuri na mwingine anaibania. (Ndiyo, kuna watu wazima wanasoma hayo. Mke wangu pia aliniuliza hilo swali, tena kwa sauti hiyo hiyo yenu.)

Kisa chenyewe kinaanza na mapacha. Ng'ombe wa mama yangu aliwahi kuzaa mitamba wawili wanaofanana mpaka mama alikuwa anawatofautisha kwa rangi ya kamba shingoni. Akawaita Neema na Rehema. Nilipoenda kuoa, Rehema akaingia kwenye mahari, akapelekwa Ikutha nyumbani kwa kina Mueni, ambaye ndiye mke wangu. Neema akabaki kwa mama, hapa nje kidogo ya Wote.

Profesa wangu aliposikia hiyo habari alifurahi kuliko baba mkwe alivyofurahi siku ya mahari yenyewe. Kwake huo ulikuwa utafiti uliojileta. Ng'ombe wawili wa jeni zile zile, lakini wameishi maisha tofauti. Maana jeni peke yake haitoshi. Jeni ya kutengeneza protini ya maziwa inaweza kuwa pale pale, nzima kabisa, lakini ng'ombe akipata joto kali, au kiwele kikiugua, au akikamuliwa ovyo, mwili unabandika alama ndogo ndogo juu ya hiyo jeni na kuifunga. Haijaharibika. Imenyamazishwa tu. Tukipima maziwa ya wote wawili tutajua ni nani maisha yamemfunga.

Basi siku moja mimi na Mueni tulipita asubuhi kwa mama, mchana tukafika Ikutha, tukachukua maziwa ya kila pacha kwenye chupa yake. Moja kifuniko chekundu, nyingine kifuniko cha bluu. Tukazituma maabara, nikarudi kwa kazi zangu, nikasahau.

Majibu yamekuja leo asubuhi, na hapo ndipo balaa ilipoingia.

Wiki nzima nimekuwa nikichanja ng'ombe wa watu. Vumbi liko mpaka ndani ya masikio. Leo Jumamosi nilitaka kulala, lakini tulikuwa tumealikwa Ikutha. Baba mkwe alifanyiwa upasuaji wa macho, sasa anaona, na familia iliita majirani wachache wa kanisani waje washukuru na kula. Mama yangu pia alialikwa. Nikaazima pikapu ya binamu yangu. Nilikuwa navaa soksi ya pili simu ilipolia kwa ujumbe wa yule fundi wa maabara: nyekundu iko sawa kabisa, bluu imefungwa sana na protini yake iko chini.

Mimi nikaona picha yote mara moja. Bluu ni Ikutha. Ikutha kuna joto, nyasi ni ya kutafuta, jua la kule halina adabu. Ni Rehema tu. Sikufikiria mara ya pili. (Ukishasoma sana, unaona kufikiria mara ya pili ni kazi ya wengine. Hilo nimeligundua leo.)

Njiani sikusema kitu. Mama alikaa mbele, Mueni katikati, mimi kwa usukani, nikiwaza jinsi nitakavyoieleza habari hii kwa upole. Mngenisikia kichwani mwangu. Nilikuwa mpole kupita kiasi.

Tukafika. Rehema tulimkuta amefungwa chini ya kibanda cha makuti mbele ya nyumba, na mama mkwe alikuwa ameweka magunia yaliyoloweshwa maji juu ya paa ili apate ubaridi. Niliyaona magunia. Mtu mwenye akili angeyaona hayo magunia na kujiuliza swali. Mimi nilipiga picha.

Sasa lazima mjue kitu kimoja. Sisi Wakamba tuna ile heshima ya aibu kati ya mtu na mama mkwe wake. Mimi na yeye hatuangaliani usoni na hatuongeleshani ovyo. Akitaka kuniambia kitu, anamwambia Mueni, Mueni ananiambia, hata kama nimekaa hapo nasikia kila neno. Nampenda sana huyo mama. Miaka yote hii nimeona mabega yake tu.

Maombi yakaisha, chai ikaletwa, na baba mkwe akageuza miwani yake myeusi upande wangu. Ile miwani ya hospitali. Huwezi kujua anaangalia nani.

"Daktari," akasema. Ananiita daktari ingawa nimemwambia mara nyingi mimi si daktari. "Yale maziwa mlichukua hapa, serikali ilisemaje?"

"Si serikali, mzee. Ni chuo."

"Chuo kilisemaje?"

Hapo ningesema majibu bado. Maneno mawili. Kesi ingeisha, ningekula nyama yangu nirudi nyumbani nilale. Lakini watu wote walinyamaza kunisikiliza, na miaka hii yote pale ukweni hakuna aliyewahi kuninyamazia. Nikasimama.

Nikaanza kwa kueleza jeni. Nikaona macho yanaanza kulegea. Nikatafuta mfano wa nyumbani. Nikasema, "Chukueni Biblia mbili, zimechapishwa siku moja, kila neno ni lile lile. Moja imewekwa vizuri. Nyingine mtoto ameimwagia uji. Maneno yote bado yamo ndani, lakini kurasa zimeshikana, huwezi kuzisoma. Ng'ombe pia ni hivyo. Akiteseka, kurasa zinashikana."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akasema huo ni ujumbe mzito. Nikajisikia vizuri sana. (Huo ndio wakati mtu alipaswa kunivuta shati.)

"Sasa," nikaendelea, "pacha mmoja kurasa zake ziko wazi. Lakini mwingine, zile za protini zimeshikana. Na kwa masikitiko, huyo ni Rehema."

Kule nje Rehema alikuwa anacheua bila wasiwasi wowote.

Mama mkwe alikuwa ameshika birika. Akaliweka chini. Akamgeukia Mueni, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya vikombe.

"Mueni, muulize mume wako. Anasema mimi nimemtesa ng'ombe?"

"Anauliza kama unasema amemtesa ng'ombe," Mueni akaniambia.

"Mwambie hapana, sijasema kutesa. Ni mazingira tu."

"Anasema ni mazingira."

"Mwulize mazingira ni nani. Ni mimi ndiye namlisha, ni mimi namkamua asubuhi na jioni, ni mimi nabeba maji ya hayo magunia. Hapa hakuna mazingira mwingine."

Mueni hakunitafsiria hiyo. Aliniangalia tu.

Na mama yangu mzazi, badala ya kuniokoa, akaweka kikombe chini na kutabasamu. Tabasamu la kanisani, lile la pole. Akamwambia mama mkwe, "Usijali, dada yangu. Hawa ng'ombe wa gredi, wa damu ya kizungu, wanataka mtu amewazoea. Neema wangu mimi namwongelesha kama mtoto. Labda ni upendo tu."

Mtu mwingine hapo angekaa chini. Mimi nilikuwa na pendekezo. Nilikuwa nimelipanga njiani, lile la upole. Nikasema, "Habari njema ni kwamba hii kitu inaweza kurekebishika. Mkikubali, tunaweza kumrudisha Rehema kwetu Wote kwa muda, akae na mwenzake, apumzike, halafu..."

Sikumaliza. Nilisikia vikombe vikigongana kwa sinia ya Mueni, na nikasikia maneno yangu mwenyewe, nikayaelewa pamoja na wengine.

Kwa wasiojua: ng'ombe wa mahari harudishwi. Ng'ombe wa mahari akirudi kwa mwenyewe, watu wanauliza bibi harusi anarudi saa ngapi. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya sebule ya wakwe zangu, mbele ya wazee wa kanisa, na mama yangu kando yangu kama shahidi, naomba kurudishiwa mahari.

Baba mkwe hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliivua ile miwani polepole, akaipangusa kwa shati, akaniangalia kwa macho yake mapya.

"Daktari, mimi sikusoma. Lakini hiyo ya Biblia nimeielewa vizuri. Sasa nikuulize. Wewe ulituletea Rehema, sisi tukakupa Mueni. Si ndiyo?"

"Ndiyo, mzee."

"Mueni akiwa hapa alikuwa anaimba. Asubuhi tunaamka kwa kuimba kwake. Akiosha vyombo anaimba. Leo amekuwa hapa tangu mfike na sijasikia hata wimbo mmoja. Amekonda pia, hiyo sasa naiona mwenyewe. Maneno yako ndani yake, najua, mimi ndiye niliyemlea. Huyo kurasa zake zimeshikana na nini?"

Nilitafuta jibu la kisayansi. Halikuwepo. Nilitafuta jibu la aina yoyote. Nikasema, "Mzee, kwa binadamu bado utafiti unaendelea."

(Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu. Kuna mashahidi.)

Mzee mmoja alikohoa mpaka akatoka nje. Nadhani hakuwa anakohoa.

Mueni akaweka sinia mezani. Nilifikiri atalia, au atamwambia babake kitu ambacho tutakijadili mwaka mzima. Akasema, "Baba, mimi nimechoka tu. Nina watoto na nina huyu. Nitaimba nikipata nafasi." Halafu akanigeukia, akaniita kwa jina la mtoto wetu, sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza funguo ziko wapi.

"Baba Nduku, walisema ni chupa gani imefungwa?"

"Ya bluu."

"Na ya bluu ni ya nani?"

"Ya hapa. Si tulipanga nyekundu iwe ya kwa mama na bluu iwe ya hapa?"

"Tulipanga. Lakini kile chekundu kilikuponyoka kwa mama yako, kikaanguka kwenye mavi ya Neema. Ukaniambia nikupe cha bluu ufunge haraka, hicho kingine tutaosha tutumie Ikutha. Nikakiosha mimi. Kwa kucha. Siwezi kusahau."

Nikakumbuka. Nilikumbuka yote kwa pamoja: kifuniko kikibingirika, Neema akikikanyaga ili kiingie vizuri, mimi nikisema kwa ujasiri wa mtaalamu kwamba haina shida, nitakumbuka.

Kwa hiyo bluu ilikuwa Neema. Aliyefungwa ni Neema. Rehema, wa jua la Ikutha na magunia yaliyoloweshwa, kurasa zake ziko wazi kama za mhubiri.

Sasa macho na vichwa vyote vikahama kutoka kwangu polepole vikamwendea mama yangu, ambaye lile tabasamu bado lilikuwa usoni lakini mwenyewe alishaondoka.

Nikajaribu kumsaidia. Mniamini, nia yangu ilikuwa njema. Nikasema, "Mama, pengine ni kitu kidogo tu. Kwani Neema unamkamua vipi siku hizi?"

"Namkamua vizuri."

"Asubuhi na jioni?"

Mama akanyoosha kitambaa chake cha kichwa. "Asubuhi."

"Na jioni?"

"Jioni tuko kwaya. Unajua tunajiandaa kwa mashindano. Tangu mvua ile ya kwanza tunafanya mazoezi kila jioni. Kwani kukamua mara moja kuna nini? Maziwa si yanangoja?"

Na hapo, jamani, sijui ni nini kiliniingia. Uchovu labda. Mtu aliyechoka anajibu swali aliloulizwa. Nikasema, mbele ya watu wote, kwa sauti ile ile ya mafunzo ya wakulima, kwamba hapana, maziwa hayangoji. Kiwele kikikaa kimejaa, mwili unaona kazi hiyo haitakiwi tena, unafunga jeni, na kwamba hili ni kosa la kawaida sana kwa wafugaji wasio makini.

Wasio makini. Mama yangu. Ukweni.

Nilipogundua nilichosema, mama alikuwa ameshasimama. Akasema anaenda kumwona Rehema. Akakaa kule nje kibandani, amemshika shingo, wakiangalia upande mmoja wote wawili.

Baba mkwe akarudisha miwani yake. "Basi haina haja kubishana," akasema kwa upole mkubwa. "Kama ni kupumzika, mleteni huyo Neema hapa. Nafasi iko."

Wazee wakacheka hadi mmoja akapangusa macho kwa kitambaa cha meza. Mimi pia nilicheka, lile cheko la mtu aliyekanyagwa kidole na hataki kusema.

Chakula kikaletwa. Nilikaa pembeni karibu na dirisha, nikitamani tu kula haraka na kupotea. Muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, ulikuwepo, mbuzi alikuwepo, mimi sikuwa na hamu ya chochote. Kisha nikaona sahani inawekwa mbele yangu, na mkono ulioiweka haukuwa wa Mueni. Mama mkwe alikuwa amesimama hapo, amegeuza uso kidogo pembeni. Miaka yote hii hajawahi kunisemesha moja kwa moja.

"Kula, mwanangu," akasema. "Hata wewe unafanya kazi nyingi."

Akaenda zake. Mjue nilivyokuwa naonekana, hadi mtu wa heshima kama yule akaweka heshima kando kwa kunihurumia. Niliila ile nyama nikiwa nimeinamisha kichwa, na sitawaambia kama macho yalikuwa makavu.

Kabla ya kuondoka nilimfuata mama mkwe kibandani. Nilisimama mbali, inavyotakiwa, nikamwambia Rehema, kwa sauti ya kutosha, kwamba nimekosa, na kwamba kazi aliyofanyiwa hapa ni ya kupigiwa mfano. Mama mkwe naye akamwambia Rehema kwamba amesikia, na yamekwisha. Rehema akatikisa sikio. Hivyo ndivyo tulivyopatana.

Kurudi, mama alikataa kiti cha mbele. Alipanda nyuma ya pikapu, akaketi kwa gunia la maembe tulilopewa, hali mimi namsihi mpaka watu wa barabarani wakaanza kutuangalia. Mwishowe Mueni akapanda nyuma pia, kumsindikiza. Kwa hiyo nimeendesha kutoka Ikutha mpaka Wote peke yangu mbele kama dereva wa kukodishwa, na kupitia kile kidirisha cha nyuma nawasikia wawili hao wanaongea. Baadaye nikasikia wanacheka. Karibu na Makindu walikuwa wanaimba, sauti mbili, mama akimfundisha Mueni ile sehemu ya sauti ya pili. Sikuulizwa kitu. Sikupunguza mwendo, lakini pia sikuongeza.

Tulipofika kwa mama, akashuka, akajipangusa vumbi, akaniongelesha kwa mara ya kwanza tangu ukweni.

"Umesema maziwa hayangoji."

"Mama, nisamehe, mimi nilikuwa..."

"Umesema, na umesomea. Mazoezi ni kila jioni mpaka mashindano yaishe. Ndoo iko pale. Mafuta ya kukamulia yako dirishani. Mueni twende, tutachelewa, umepata sauti nzuri na tunahitaji mtu."

Wakaenda. Wote wawili. Mke wangu amejiunga na kwaya nikimwangalia.

Kwa hiyo nawaandikia nikiwa nimekaa kwa kigoda zizini, jua linazama, ndoo iko katikati ya magoti na haina kitu. Neema amenitazama mara moja akageuza kichwa. Nafikiri ameambiwa. Nimembembeleza, nimemsugua kiwele kwa maji ya moto, nimemwongelesha kama mtoto vile mama alivyosema, nimemweleza hata kuhusu jeni. Bado.

Ombi langu ni dogo. Mkitaka kucheka, chekeni huko huko mliko na simu zenu ziwe kimya, maana yangu imelia mara mbili tangu nianze kuandika, na kila ikilia huyu ng'ombe anapandisha maziwa juu tunaanza upya.